Kabla hujarekodi somo la kwanza, fikiria stima na bando

Mwalimu mwenzangu unayeanza kurekodi masomo, ngoja nikueleze jioni niliyopoteza dakika 40. Nilikuwa nyumbani Nyalenda, hapa Kisumu, nafundisha grafu za Kidato cha Tatu. Betri ya laptopu ilikuwa imekufa, nategemea waya tu. Umebaki mfano mmoja, stima ikapotea. Iliporudi nililikuta faili, ukubwa wake unaonekana, ila halikufunguka hata nilipojaribu programu tatu.

Baadaye nilielewa. Faili la video la aina ya MP4 ya kawaida huandika mwishoni kabisa orodha inayoonyesha kila picha na kila sauti iko wapi. Ukikatwa kabla ya kusimamisha rekodi, orodha hiyo haipo. MKV, aina nyingine ya faili la video, huandikwa kipande kwa kipande, kwa hiyo stima ikienda unabaki na karibu yote uliyokwisha kusema.

Ndiyo maana nakushauri OBS Studio, programu ya kurekodi kioo cha kompyuta. Ni ya bure, haina kikomo cha muda wala haibandiki nembo yake juu ya somo lako. Kwenye mipangilio chagua MKV. Ukimaliza, fungua menyu ya File, uchague Remux Recordings: hulihamisha faili kuwa MP4 kwa muda mfupi bila kupunguza ubora. Ukiifungua mara ya kwanza unaweza kukuta kioo cheusi. Usiogope: bonyeza alama ya kujumlisha kwenye kisanduku cha vyanzo, uchague kioo kizima.

Game Bar, kirekodi kinachokuja na Windows, ni nyepesi zaidi, unabonyeza Windows, Alt na R basi. Lakini hurekodi dirisha la programu moja. Ukitoka kwenye slaidi kwenda GeoGebra, ile programu ya kuchora grafu, mwanafunzi hataiona. Kama huna kompyuta, simu nyingi za Android 11 kwenda juu zina kirekodi chao cha kioo.

Sasa bando. Mtoto wa Kondele anangoja mama atoke sokoni Kibuye na simu, saa mbili usiku, na MB zenyewe ni za kuhesabu. Rekodi kwa ukubwa wa picha wa 720p, na kiasi cha data ya picha kwa sekunde (bitrate) ukiiweka 1,000 kbps: hapo kila dakika hula kama MB 8, sauti ikiwemo. Somo la dakika nane ni MB 64 hivi. Kwa slaidi na maandishi inatosha kabisa, mradi herufi ziwe kubwa. Mimi nagawa kila mada vipande vya dakika nane, hata kama inanigharimu jioni nzima.

Sauti rekodi alfajiri, kabla ya bodaboda kuamka. Mvua ya alasiri juu ya mabati haifichiki, na hakuna programu ya bure niliyoiona ikiiondoa vizuri. Tumia spika za masikio zenye maiki, hata za bei ndogo, kuliko maiki ya laptopu.

Leo rekodi dakika moja tu. Itume kwa simu ndogo ya jirani, umuulize kama anakisoma kile kipeo kidogo juu ya x.