Maswali ya Wasomaji: Donnie Brasco na Kachero Aliyejipenyeza Mafia

Nimetazama filamu ya Donnie Brasco ya mwaka 1997. Mwishoni Lefty anavua vitu vyake vya thamani, anaviacha kwenye droo, kisha anatoka. Je, aliuawa kweli? (M.S., Tanga)

Hakuuawa. Lefty alikuwa mwanamafia wa New York aliyemwamini Donnie bila kujua kwamba ni kachero wa FBI, shirika la upelelezi la Marekani. FBI walimkamata Agosti 1981 kabla wenzake wa Mafia hawajamfikia. Alifungwa, akatoka mwaka 1992, na saratani ikamwua mwaka 1994. Aliyelipa kwa roho yake ni bosi wake, Dominick "Sonny Black" Napolitano: aliitwa kikaoni tarehe 17 Agosti 1981 na hakurudi. Maiti yake ilipatikana mwaka uliofuata Staten Island, mikono imekatwa. Muongozaji Mike Newell amembebesha Lefty adhabu ya Sonny kwa kuwa filamu yote imesimama juu ya urafiki wa Lefty na Donnie. Kisanaa inakubalika, na Al Pacino ameibeba vizuri mno. Ila usiichukue kama historia.

Watu wajanja vile walimpokeaje mgeni bila kumchunguza? (Msomaji, Nakuru)

Walimchunguza sana, na FBI walilijua hilo mapema. Joseph Pistone, ndilo jina halisi la Donnie, alikulia Paterson, New Jersey, mwenye asili ya Sisilia, akizifahamu tabia za mitaa ya aina hiyo tangu utotoni. Alijifanya mwizi wa vito, na akasomea vito hadi aweze kutofautisha almasi na kioo mbele ya watu wanaojua. Kazi hiyo ya bandia ilichaguliwa kwa hesabu. Mwizi wa vito anaweza kufanya kazi peke yake, kwa hiyo si ajabu asijulikane na mtu. Tena hatumii nguvu, kwa hiyo anaweza kukwepa kupiga au kuua bila kutiliwa shaka. Katika ofisi za FBI jina lake lilifutwa kwenye kumbukumbu, kiasi kwamba hata aliyepiga simu kumwulizia aliambiwa hayupo mtu huyo.

Kisha kuna udhamini, na hapa ndipo filamu iko sahihi kabisa. Mwanachama aliyeapishwa akikutambulisha kuwa "rafiki yangu", maana yake wewe ni mtu wa nje na yeye ndiye mdhamini wako. "Rafiki yetu" ni mwanachama kamili. Mdhamini hujibu kwa maisha yake mgeni akiharibu, na baada ya hapo wengine hupunguza maswali, maana kumhoji mgeni ni kumtukana aliyemleta. Mfumo uliowekwa kuwalinda ndio uliomfungulia Pistone mlango. Tony Mirra, aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kumkaribisha katika familia ya Bonanno, mojawapo ya magenge ya Mafia ya New York, aliuawa mwaka 1982.

Kinasa sauti ndani ya buti, kama Donnie anavyokificha katika tukio la mgahawa wa Kijapani kwenye filamu, kingewezekana? (Msomaji, Zanzibar)

Kingewezekana, lakini ni hatari mno. Vinasa vya enzi hizo vilitumia utepe, na kukumbatiana au kupapaswa kidogo tu kungetosha kukifichua. Pistone alikivaa mara chache. Zaidi alihifadhi majina, namba za magari na kauli kichwani, kisha akampigia simu ofisa aliyekuwa kiungo chake.

Kwa nini FBI walimtoa alipokaribia kuapishwa? Si wangepata zaidi? (J.K., Arusha)

Mwenyewe alitaka kubaki. Lakini tarehe 5 Mei 1981 makapteni (viongozi wa vikundi) watatu wa kundi pinzani ndani ya familia hiyo waliuawa Brooklyn kwa mpigo, na Donnie akapewa kazi ya kumwua Bruno Indelicato, mtoto wa mmoja wao. Kachero hawezi kuua, na asipoua anauawa yeye. Pia ushahidi wake wote ungeporomoka mahakamani kama angeonekana kushiriki mauaji. Operesheni ilifungwa Julai, na maofisa wa FBI wakaenda kumwambia Sonny Black kwamba Donnie ni mwenzao. Kesi zilizofuata zilitia hatiani watu zaidi ya 100.

Familia ya Bonanno ilikufa baada ya hapo? (Msomaji, Mombasa)

Hapana. Ilivuliwa kiti kwenye Kamisheni, baraza la wakuu wa familia, kwa fedheha ya kumlea kachero. Serikali ilipowaburuza mahakamani vigogo wa baraza hilo kwa pamoja katika kesi ya 1985 na 1986, Wabonanno kwa sehemu kubwa walinusurika na pigo lililowaangusha wenzao.