Kusomea uandishi wa kiufundi ukiwa Arusha au Moshi: maswali yenu

Kozi za uandishi wa kiufundi, yaani kuandika miongozo na maelekezo ya kutumia vifaa na mifumo, zinazotolewa mtandaoni na vyuo vya nje zimeanza kuulizwa sana huku kwetu. Yanayofanana nimeyaunganisha, na majina ya waulizaji sikuyaweka.

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, naishi Majengo, Moshi. Sayansi niliiacha kidato cha pili. Kwenye kozi hii wanafundisha nini hasa, na mtu kama mimi nitaiweza? – Mwalimu, Moshi

Marahaba, mwalimu. Kumbuka mwaka 2024, mita za Luku zilipotakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba. Ukinunua umeme ulikuwa unaletewa mafungu matatu ya tarakimu 20: uingize la kwanza, kisha la pili, halafu la tatu ndilo lenye uniti zako. Mhandisi ana sababu nzuri ya kukueleza: mita hizo huhesabu dakika kuanzia mwanzo wa mwaka 1993, na nafasi ya kuwekea hesabu hiyo ilikuwa inajaa siku ile. Lakini mama aliyepanda kigoda gizani, simu inayommulikia ameibana kwa meno, 1993 haimhusu. Anataka kujua aanze na fungu lipi, mita ikikubali itaandika nini, na ikikataa afanyeje. Mwandishi wa kiufundi ndiye anayeamua kipi kikae juu, kipi kifuate na kipi kitupwe.

Hiyo ndiyo kozi, kwa sehemu kubwa. Utafundishwa kumjua msomaji kabla ya kushika kalamu. Utaandika hatua, kila hatua tendo moja. Utazoea kutanguliza sharti, yaani unaandika "Taa nyekundu ikiwaka, usifungue mfuniko", kwa sababu ukianza na kufungua mfuniko, msomaji keshafungua kabla hajaifikia taa. Onyo nalo hukaa kabla ya hatua inayohusika. Ni mambo ya kawaida mpaka uchukue kijitabu kilichokuja na jiko lako la gesi uone yalivyovurugwa.

Sayansi usiihofie. Wewe una kitu ambacho wahandisi wengi hawana: umezoea kumwona mwanafunzi wa dawati la nyuma amepotea kabla hajanyoosha mkono. Utakachopaswa kujifunza upya ni kumhoji mtaalamu. Ukimwuliza fundi "mashine hii inafanyaje kazi?" atakueleza mpaka jioni na utatoka mikono mitupu. Mwambie aiendeshe mbele yako, wewe andika kila anachokigusa. Akigusa kitu ambacho hakukitaja, hapo ndipo umepata kitu cha kuandika.

Mwishoni huja zana: Markdown, alama nyepesi za kupanga maandishi; Git, programu ya kutunza matoleo ya faili; na kwenye kozi kubwa DITA, mfumo wa kuandika maelezo kwa vipande vinavyoweza kutumika tena. Hizo hujifunzwa kwa vidole. Zisikunyime usingizi.

Mimi ni fundi umeme, Sakina. Kazi naijua, ila Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Nisijisumbue? – Fundi, Arusha

Jisumbue, fundi. Kiingereza cha miongozo ni chepesi kuliko cha magazeti, tena kwa makusudi. Watengenezaji wa ndege walishaliona tatizo lako miaka ya 1980: vitabu vya matengenezo vinaandikwa kwa Kiingereza, na fundi anayevisoma mara nyingi si Mwingereza. Wakatunga kanuni ambazo leo zinaitwa ASD-STE100. Sentensi ya maelekezo isizidi maneno 20, ya maelezo isizidi 25, na kila neno lililoruhusiwa libaki na maana moja. Ukiweza kuandika sentensi ya maneno 20 isiyo na kona, mwalimu wako atakupenda kuliko mwenzako anayeandika kama wakili.

Sikufichi, kuna sehemu utasota. Kozi nyingi zinataka ujadiliane na wenzako kwa maandishi kila wiki, na huko hakuna kanuni ya maneno 20. Kwa hiyo usianze kwa kulipa. Google wana masomo ya uandishi wa kiufundi ambayo ni bure kabisa, yenye mazoezi. Yamelenga watu wa programu za kompyuta, lakini sehemu ya kwanza inahusu zaidi maneno, sentensi na aya. Ukiimaliza bila kuita mtu akutafsirie, katoe hela.

Na kazi zako za darasani ziandike kuhusu unachokijua. Watu wamejaa mtandaoni wanaoweza kunyoosha sarufi. Wanaojua kinachotokea waya wa ethi usipofungwa kwenye sola ni wachache, na hilo mhariri hawezi kukusaidia kulijua.

Chuo changu kiko New York. Kipindi cha moja kwa moja ni saa 1 usiku kwao, na kazi zinafungwa saa 5:59 usiku. Nina watoto wawili na umeme wa Njiro unakatika unavyotaka. Mwisho wa miezi ya baridi ya kwao kazi yangu ilikataliwa kwa kuchelewa wakati niliituma saa ileile ya siku zote. – Mama wawili, Njiro

Pole, dada. Hukukosea wewe, ni Wamarekani walisogeza saa. Kuanzia Novemba hadi Machi, New York iko nyuma yetu kwa saa 8, kwa hiyo saa 5:59 usiku yao ni saa 1:59 asubuhi yetu siku inayofuata. Jumapili ya pili ya Machi wanasogeza saa mbele, tofauti inabaki 7, na dirisha linafungwa saa 12:59 asubuhi. Sisi huku hatuna habari, saa zetu ni zilezile mwaka mzima. Aliyezoea kuamka, kunywa chai na kutuma saa moja na nusu asubuhi, Machi inamkamata. Jumapili ya kwanza ya Novemba mambo yanarudi kama mwanzo. Vyuo vya Uingereza navyo hubadili, ila Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, na tofauti nao ni saa 3 au 2 tu, ndiyo maana mwenye familia namwelekeza huko kwanza.

Tuma usiku kabla hujalala. Faili la maandishi ni jepesi, bando la mia chache linatosha. Ukiandika kwenye kompyuta mpakato yenye betri iliyo hai na simu ya kurushia intaneti, TANESCO wakate wanavyopenda.

Kipindi chenyewe ni habari nyingine. Saa 1 usiku ya New York ni saa 9 usiku ya Njiro, au saa 8 baada ya Machi. Hakuna mama wa watoto wawili atakayevumilia hivyo miezi minne, na mimi sikushauri ujaribu. Mwandikie mwalimu umwulize kama rekodi inatosha na kama mahudhurio yana alama. Kama yana alama, hamia darasa ambalo masomo yake yote yamerekodiwa. Swali hilo ndilo la kuuliza kabla ya ada, kuliko hata bei.

Cheti chake kinatambulika Tanzania? – Wengi

Inategemea unakipeleka wapi. Kama unataka kupanda daraja serikalini au kuendelea na masomo, unahitaji tuzo ya chuo kinachotambulika. Za vyuo vikuu vya nje hupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, zitambuliwe na kulinganishwa. Ngazi za astashahada na stashahada za ufundi ziko chini ya NACTVET, baraza la taifa la elimu na mafunzo ya ufundi. Waulize kabla hujalipa. Cheti cha kozi ya wiki nane hakina haja ya safari hiyo. Na kama kiu yako ni shahada yenyewe, Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 kwa ajili ya watu wanaosoma wakiwa mbali, na kina vituo Arusha na Moshi.

Kuweni macho na matangazo ya zamani. Baadhi ya kozi bado zinajinadi kuwa zinakuandaa kwa mtihani wa Society for Technical Communication, chama cha waandishi wa kiufundi cha Marekani. Chama hicho kilifungwa Januari 2025. Ukiona kozi inalisema hilo leo, jiulize mara ya mwisho kuisahihisha ilikuwa lini, maana ni kozi ya kukufundisha wewe kutunza maandishi yasipitwe na wakati.

Nikimaliza, kazi iko wapi hapa Arusha? – Kijana, Ngaramtoni

Tangazo lenye jina la kazi hii utaliona kwa nadra. Kazi yenyewe ipo, inajificha ndani ya nyingine: taratibu za kazi kiwandani, mwongozo wa mfumo mpya wa malipo, maelekezo ya kifaa hospitalini, ripoti za miradi. Wanaolipa vizuri zaidi ni kampuni za programu za nje, na hizo hazikuulizi cheti. Zinasema: tuonyeshe ulichoandika.

Basi toka kwenye kozi na vitu vitatu vya kuonyesha, na kimoja kitoke hapahapa. Mfano ninaoupenda ni lebo ya kiuatilifu. Panda Ngarenanyuki kwa wakulima wa nyanya, omba kuona chupa. Chini kuna ukanda wa rangi: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, inafuata njano, kisha bluu, kisha kijani. Maandishi ni madogo mno. Kipimo mara nyingine kimeandikwa kwa hekta. Mkulima ana robo eka, ambayo ni kama sehemu moja ya kumi ya hekta, pampu ya mgongoni ya lita 16 au 20, na kipimo chake ni kifuniko cha chupa. Kati ya lebo na kifuniko kuna hesabu tatu, na hakuna aliyemwandikia hata moja.

Andika ukurasa mmoja unaovuka pengo hilo kwa dawa moja tu. Vipimo usivibuni wala kuvibadili. Chukua vya kwenye lebo, na bwana shamba aupitie kabla haujafika kwa mtu. Kisha mpe mkulima asome na kutenda kwa maji matupu, wewe kaa kimya. Kukaa kimya ndiko kugumu, utatamani kumwelekeza. Andika alipopinda uso, aliporudi juu kusoma tena, alipouliza jirani. Rekebisha, mpe mwingine. Weka toleo la kwanza na la mwisho pamoja kwenye kazi zako, na maelezo mafupi ya ulichokiona shambani. Mwajiri wa London au Nairobi hajali nyanya, ila ataona mtu anayejaribisha maandishi yake kwa watu, na waombaji wengi hawafanyi hivyo.

Si ChatGPT inaandika haya yote siku hizi? – Mwanafunzi, Tengeru

Inaandika hatua kumi safi za kutumia mashine ambayo haijawahi kuiona, na hatua ya sita inakuambia ubonyeze kitufe ambacho hakipo. Soma kwanza sheria za kozi yako, vyuo vinatofautiana na vingine vinafukuza. Kama inaruhusiwa, itumie kukagua sentensi ndefu. Kitufe ukakibonyeze mwenyewe.

Sina kadi ya benki. Ada nalipaje? – Dada, Soweto, Moshi

Huduma za pesa za simu siku hizi zinatoa kadi ya mtandaoni inayokubalika kwenye malipo ya nje. Ingia kwenye menyu yako au uliza wakala. Weka kiasi cha ada tu. Kozi za malipo ya kila mwezi hujikata zenyewe hata ukiwa umeacha kusoma, kwa hiyo siku unapomaliza, futa usajili kwanza ndipo upakue cheti.