Re: Mashine ya msasa inachimba mbao
Mkuu, umeuliza kwa nini mashine yako ya msasa wa mkanda inaacha mabonde kwenye meza za mninga hapo Keko. Hiyo kazi yake ni kula mbao haraka. Ukiituliza sehemu moja, imechimba. Kwa kumalizia tafuta mashine ya msasa wa duara ya inchi 5, Kariakoo zipo. Anza msasa namba 80 (mkali), kisha 120, halafu 180 (laini), usiruke. Na usiikandamize! Uzito wake unatosha. Ukiikandamiza inaacha viduara ambavyo huvioni mpaka upake vanishi, na hapo mteja ndiye anakuonyesha. Vumbi la mninga linawasha pua, vaa barakoa. Mfuko wa vumbi wa mashine umwage kabla haujajaa. Cheche zikizidi kwenye matundu ya hewa, angalia kaboni kwanza, yaani vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota.