Betri ya 1.5 V kusomeka 0.1 V kwenye USB-6009

Umepima betri ya 1.5 V kwa USB-6009 (kifaa cha National Instruments, NI, cha kusoma volti kwa kompyuta), Python ikakuonyesha 0.1 V. Kifaa ni kizima, tatizo ni mpangilio wa chaneli. Usipotaja terminal_config (ingizo lipimwe dhidi ya nini), nidaqmx, maktaba ya Python ya NI, inaichukulia chaneli ai0 kuwa ya tofauti (differential): inasoma volti ya ingizo AI0 kutoa ya AI4. Wewe umeunganisha waya mweusi wa betri kwenye GND (ardhi ya kifaa), kwa hiyo AI4 inaning'inia tu, na kwenye 6008/6009 mguu usiounganishwa hukaa karibu 1.4 V kwa sababu ya rezista za ndani. 1.5 kutoa 1.4, ndiyo hiyo 0.1 yako. Hii 1.4 imeandikwa hata kwenye mwongozo wa NI, ila nani anausoma.

Weka hivi, ili AI0 ipimwe dhidi ya GND (ndiyo RSE):

task.ai_channels.add_ai_voltage_chan("Dev1/ai0", terminal_config=TerminalConfiguration.RSE, min_val=-10, max_val=10)

TerminalConfiguration unaitoa nidaqmx.constants. Au acha msimbo ulivyo, hamisha waya mweusi uende AI4, halafu unganisha AI4 na GND kwa kipande cha waya maana betri inaelea (haijafungwa kwenye ardhi yoyote). Mimi ningebaki na njia hii ya pili, kwani kwenye RSE unapoteza biti moja ya upambanuzi (14 inakuwa 13).

Angalizo: ukitoka kwenye betri ukaja kupima kigawanya volti chenye rezista za 100 k, namba zitadanganya tena hata mpangilio ukiwa sahihi. Ukinzani wa ingizo ni 144 k tu, utavuta volti chini au juu. Hapo weka op-amp (kikuza ishara) kama bafa, yaani kinga ya kigawanya dhidi ya mzigo huo, kabla ya ingizo la AI.