Re: Tufunge programu ya tahadhari kwanza, kusanifisha rekodi baadaye?

Mleta uzi, umeuliza kama mnaweza kufunga programu ya akili mnemba inayotoa tahadhari mgonjwa akizidiwa, halafu kusanifisha rekodi (kuzifanya zitumie majina na vizio vya aina moja) kufuate. Mkuu, sisi tulianza hivyo hivyo.

Nilikuwa kwenye timu iliyounganisha mifumo miwili ya rekodi za wagonjwa. Maabara moja iliandika sukari kwa mmol/L, nyingine kwa mg/dL, na sehemu ya kizio kwenye fomu iliachwa wazi, eti kila mtu anajua. Usiku wa kwanza kengele ikalia: sukari 6.8, mgonjwa hatarini! Muuguzi akakimbia, akamkuta mzee wa watu anasoma gazeti. Programu ilidhani ni mg/dL, ambayo ingekuwa sukari ya chini mno, kumbe ni mmol/L, yaani kama 122 kwa kizio kile kingine.

Hilo tulilicheka. La pili lilinikosesha usingizi, maana lilikuwa langu. Kwenye kanzidata kulikuwa na "FBS" (sukari kabla ya kula), "RBS" (sukari ya wakati wowote), "GLU" (glukosi, yaani sukari tu) na "Sukari". Nikaona nirahisishe, nikazimwaga zote safu moja. Daktari akaniuliza, "Huyu mwenye 8 mmol/L alipimwa kabla ya kula?" Sikuwa na jibu. Kwa aliyelala bila kula, kuanzia 7.0 mmol/L tunazungumzia kisukari. Kwa kipimo cha wakati wowote, mpaka ni 11.1 mmol/L akiwa na dalili. Tofauti hiyo niliifuta kwa mkono wangu, na hakuna programu ambayo ingeirudisha. Nakala rudufu ndiyo iliyotuokoa.

Wauzaji watakuimbia FHIR, kiwango cha kubadilishana taarifa za afya kati ya mifumo. Ni nzuri, lakini kazi yake kubwa ni kusafirisha taarifa; mifumo miwili inaweza kuitii na bado mmoja ukatuma neno "sukari" tupu. Maana inakaa kwenye misimbo: LOINC kwa vipimo (sukari ya plazma kabla ya kula, kwa mg/dL, ni 1558-6), UCUM kwa vizio, ICD kwa magonjwa. Magonjwa yaacheni mwisho, yana ubishi mwingi.

Anzeni na vipimo vinavyoombwa kila siku. Sisi tulikaa na mtu wa maabara, kipimo kimoja kimoja, tukimuuliza sampuli ilitoka wapi, saa ngapi, kwa mashine ipi. Na jina la zamani tuliliacha pembeni ya msimbo mpya. Sifuti tena kitu.