Maswali na majibu: Sumaku ya aina ya tatu haivuti hata pini

Barua za safari hii karibu zote ni za sumaku, baada ya habari za altamagneti, hiyo sumaku ya aina ya tatu, kufika vijiweni. Nimechukua sita.

Shikamoo Mwalimu. Nasikia imegunduliwa sumaku ya aina ya tatu. Nguvu yake ikoje ukilinganisha na hizi za spika? (Fundi redio, Ngamiani)

Marahaba. Haivuti kitu, na ndiyo sababu ilichelewa kutambuliwa.

Kila elektroni ni kama kisindano cha dira, na uelekeo wa kisindano hicho huitwa spini. Kwenye sumaku ya spika yako spini nyingi zimeelekea upande mmoja, nguvu zikajumlika, ukapata mvuto unaoujua. Aina ya pili ilielezwa na Mfaransa Louis Néel miaka ya 1930, akapewa Nobel mwaka 1970. Humo atomu moja inatazama juu na jirani yake chini, zinafutana, nje hakitoki kitu. Altamagneti nayo inafutana hivyo hivyo. Tofauti iko kwa majirani. Fikiria sakafu ya vigae vya mstatili, kimoja kimelazwa, cha pili kimesimamishwa, mpaka ukutani. Atomu ya spini ya juu imezungukwa na wenzake waliokaa kama kigae kilicholazwa, na ya spini ya chini wenzake wamegeuzwa. Kwa mgeuzo huo tu, elektroni za juu na za chini zinazokwenda upande mmoja ndani ya kristali hubeba nishati tofauti. Maana yake unaweza kuuchuja umeme kwa spini, kazi iliyokuwa ikitegemea sumaku ya kawaida.

Nadharia na jina viliwekwa sawa mwaka 2022 na Libor Šmejkal, Jairo Sinova na Tomas Jungwirth, wa Mainz na Prague. Ushahidi wa vipimo kwenye msombo wa manganizi na teluri (elementi mbili zilizoungana kikemia) ulichapishwa Februari 2024, vipimo vikiwa vimefanyika Uswisi.

Zinauzwa wapi, na bei gani? (wasomaji wengi mno)

Haziuzwi madukani. Someni jibu la juu kabla ya kuandika tena.

Itatufaa nini sisi watu wa kawaida, na lini itaingia kwenye simu? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Itafaa kwenye kumbukumbu za kompyuta. Kumbukumbu za sumaku za leo hutunza 0 na 1 kwa uelekeo wa spini, lakini kila chembe inamsumbua jirani kwa mvuto wake, kwa hiyo huwezi kuzibana sana. Altamagneti haina mvuto wa nje, basi zinaweza kukaa bega kwa bega, na sumaku ya mtu mwingine haizifuti kirahisi. Halafu spini zake zina uwezo wa kucheza kwa kasi ya terahetsi, ambayo ni mara 1,000 ya gigahetsi. Desemba 2024 watafiti wa Nottingham, Uingereza, walichapisha picha za mipangilio hiyo ya spini na jinsi walivyoiongoza.

Tarehe ya kuingia kwenye simu sikupi, na anayekupa anabahatisha. Ila kuna jambo ambalo mtu wa pwani alitazame kwa jicho lake. Ile manganizi na teluri hupoteza mpangilio wake kwenye nyuzijoto 34 hivi. Februari hapa Tanga mchana hufika 32 au 33 kivulini, na simu iliyoachwa kwenye dashibodi ya daladala inapita 50. Kumbukumbu ya namna hiyo ingekufa kabla hujafika Pongwe. Msombo wa kromi na antimoni ndio wenye matumaini zaidi kwetu, maana unavumilia mpaka juu ya nyuzi 400. Na msishike kila jina linalotajwa: oksidi ya rutheni ilisifiwa mwanzoni kuwa mfano bora, kisha vipimo vya 2024 kwenye sampuli safi havikuona usumaku ndani yake.

Nimeuziwa sumaku ya kubana kwenye mpira wa petroli, "teknolojia mpya", inapunguza mafuta. Kweli? (Bodaboda, Sahare)

Si kweli, ndugu yangu. Umeibiwa. Petroli haishiki usumaku, na ikishapita hapo haikumbuki kitu. Jina jipya la sayansi halijakaa mwezi vijiweni, tayari limebandikwa kwenye uongo wa zamani! Safisha chujio la hewa, pima pengo la plagi (pikipiki nyingi za kazi ni milimita 0.6 hadi 0.8), jaza upepo wa matairi, kaza mnyororo. Huko ndiko mafuta yanakopotelea.

Nikiweka sumaku kwenye mita ya LUKU? (Jina limehifadhiwa)

Ni wizi wa umeme. Sijibu.

Mwalimu, nina mashine ya kusaga. Wateja wanalalamika unga una vumbi la chuma. Niweke sumaku gani? (Mama wa Muheza)

Dada, hili ndilo swali la maana kuliko yote ya leo. Weka mbili: moja kwenye mdomo wa kuingizia mahindi, kuzuia misumari isifike kwenye nyundo (vyuma vinavyosagia), na ya pili unga unapotokea, kukamata vumbi la nyundo zinazolika. Unga upite juu ya sumaku kwa unene usiozidi sentimita moja. Ukiuacha upite mbali kwa sentimita tano, sumaku ya spika ni pambo tu.

Ile ya spika ni nyeusi, ya feriti. Haishiki kutu na joto la unga haliidhuru, ila mvuto wake mdogo. Ya neodimi, inayong'aa, ina nguvu mara nyingi zaidi, lakini ya kawaida huanza kudhoofika kwenye nyuzi 80. Ganda lake la nikeli likichubuka, hewa yetu ya chumvi huigeuza unga mweusi, na unga huo utaliwa na watoto. Ifungie ndani ya bomba la chuma cha pua lililochomelewa pande zote.

Kupima: tandaza kilo moja ya unga kwenye sinia. Tia sumaku ndani ya mfuko safi wa plastiki, ipitishe polepole, kisha uishike juu ya karatasi nyeupe na uichomoe sumaku. Vumbi litadondoka lenyewe. Ukiona vipande bapa vinavyong'aa, nyundo zinagusa chekeche: zima mashine, fungua, kagua bolti na mhimili siku hiyo hiyo. Mwanzoni futa sumaku kila baada ya magunia matano. Ukikuta imefunikwa kabisa, punguza yawe mawili.