Usiipe Siga Nyeusi Alama Kabla Haijaisha

Juzi msomaji mmoja wa Moshi kaniandikia: "Kaka, nataka siga nyeusi tii, kali kuliko zote. Ipi inastahili alama 95 kwa 100?" Siga ni ule msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku, si sigara ya karatasi. Jibu nimeliandika na kulifuta mara tatu, maana swali lake limenigusa penye kidonda.

Miaka minne iliyopita, kwenye bustani ya rafiki yangu huku Njiro, Arusha, nilipewa maduro yangu ya kwanza, yaani siga ya jani jeusi. Jani la nje lilikuwa jeusi, lina mafuta, na ukilipapasa unasikia vinundu vidogo kama ulimi wa paka. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Nikaivuta harakaharaka kama sigara ya kawaida, na haijafika hata nusu nikatangaza: "Tisini na tano!" Dakika kumi hazikupita, jasho baridi likanitoka, nikaenda kutapika nyuma ya gari la mwenyeji. Mgeni mmoja niliyemheshimu mno akasema mbele za watu, "Huyu ndiye mnayemsikiliza?" Maneno hayo nimelala nayo miaka minne.

Kosa langu lilikuwa kudhani weusi ndio ukali. Maduro ni neno la Kihispania, maana yake mbivu, na sisi tuliokulia migombani tulipaswa kulielewa upesi kuliko wengine. Tumbaku ya Tabora na Urambo hukaushwa mabanini kwa joto la moto, iende kwenye sigara. Jani la siga hutundikwa likauke kwa hewa, kisha hulundikwa likiwa na unyevu. Rundo linapata joto lenyewe, watu wanalipindua, linaachwa tena. La maduro hukaa humo muda mrefu zaidi, ndiyo sababu huchaguliwa jani nene, kama lile pana la Connecticut, Marekani, au la San Andrés, Meksiko. Weusi na utamu vinatoka hapo. Ukali hasa unatoka ndani, kwenye majani ya juu ya mmea yaliyopigwa na jua, yanayoitwa ligero. Siga nyeusi yaweza kuwa pole, na ya rangi ya chai ya maziwa ikakuangusha.

Jumamosi nilirudi bustani ileile. Nilikula machalari kwanza, nikashushia chai ya sukari. Nikachukua maduro nyingine, nikakata kidogo tu kichwa chake, ile ncha ya kuweka mdomoni, nikaiwasha polepole huku naizungusha, kisha nikavuta mara moja kwa dakika, moshi ukiishia mdomoni. Theluthi ya kwanza: pilipili manga na kahawa chungu. Ya pili ikaleta sukari guru na kakao, majivu ya kijivu yamesimama urefu wa pingili ya kidole. Ya mwisho ilikuwa udongo uliolowa mvua, na ukakasi uliong'ang'ania ulimini. Mwanzoni ningeipa 94. Nimeipa 88, kwa sababu ya ule ukakasi na kwa kuwa iliwaka upande mmoja, nikairekebisha mara mbili. Yule mgeni alikuwepo. Aliomba daftari langu, akasoma ukurasa mzima, akanirudishia kwa mikono miwili.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kuleni kwanza. Narudia, kuleni. Hii ni tumbaku, haina huruma na tumbo tupu hata kama moshi humezi. Andika alama kila theluthi, na ivue pete, ile karatasi yenye jina la siga, kabla hujaanza ili bei isikuandikie. Tunza siga kwenye unyevu wa asilimia 65 hadi 70. Iliyokauka huwaka moto na kuwa chungu, halafu unamlaumu aliyeisokota. Vijana wengi mnashika siga ili mpigwe picha. Acheni. Mtu anayetoa alama anaaminiwa na wenzake, na wengine watatoa pesa kwa neno lake.

Wewe wa Moshi, nunua mbili za aina moja. Moja ivute wiki hii, ya pili ikae mwezi mzima kwenye chombo kinachofunga vizuri, na unyevu wake. Niandikie alama zote mbili.